Jumamosi: makaroni za lozi, nyingine na pilipili!

Habari zenu wapishi! Jumamosi tunaoka makaroni za lozi, vile vibiskuti vya Kifaransa, si zile za tambi. Unga wa lozi na sukari ya unga mje navyo vimeshachekechwa, tafadhali. Chengachenga zikibaki, ganda linatoka na vipele. Tukishamimina kwenye trei tunaziacha kama nusu saa, hadi ukizigusa hazinati kidoleni, ndipo ziingie oveni, nyuzi 150. Hapo hakuna haraka jamani, ganda litapasuka. Rangi ya chakula iwe ya jeli, ya maji inaharibu ute wa mayai.

Sasa utundu wenyewe: ndani ni chokoleti, ila chache zitakuwa na pilipili, na kwa nje zote zinafanana 😈 Asiyekula pilipili, au mwenye mzio wa lozi, aniambie mapema. Mayai ninayo.