Kalenda ya anga ya 2027 iandikwe kutoka Amu: barua ya wazi kwa vijana wetu

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, wanangu na wajukuu zangu wa Amu (ndiyo Lamu), Shela, Matondoni, Kipungani na visiwa vya juu.

Nimeambiwa mnaandaa kalenda ya mambo ya angani ya mwaka 2027, ibandikwe misikitini, shuleni na gatini kabla mwaka haujaingia. Nimefurahi mno, ndiyo maana nawaandikia hadharani, ili na wazazi wenu wasome wajue mnashughulika na jambo la maana. Nimeona pia rasimu inayozungushwa kwenye simu, na hapo nina neno la kuwaambia.

Rasimu ile imenakiliwa kutoka kalenda za Ulaya na Marekani. Mwezi mpevu wa Januari mmeuita Mwezi wa Mbwa Mwitu. Saa mmeziacha za Greenwich. Vimondo vya Kwadrantidi vya tarehe 3 na 4 Januari mmevitia alama ya nyota tano, navyo mahali angani vinapoonekana kuchimbukia ni mbali kaskazini, karibu na nyota ambazo sisi wa nyuzi 2 kusini ya ikweta tunaziona chini, si mbali na upeo wa macho. Mtoto wa mtaa wa Mkomani atakesha usiku kucha, aone vichache kuliko alivyoahidiwa, kisha asiiamini tena karatasi yenu. Iandikeni upya, na kila tukio mliulize kwanza: mtu aliyesimama hapa Amu ataona nini, upande gani, saa ngapi yetu?

Saa ni jambo jepesi. Ongezeni saa tatu juu ya saa ya Greenwich mpate saa ya Afrika Mashariki, kisha andikeni kwa saa ya Kiswahili, kwa kuwa ndiyo bibi zenu wanayoisoma. Hayo yametosha.

Mwezi wa Februari ndio unaohitaji uangalifu. Jumamosi tarehe 6 jua litapatwa kwa umbo la pete. Njia ya pete hiyo inapita Chile, Argentina, bahari ya Atlantiki, kisha Ivory Coast, Ghana, Togo, Benin na Nigeria. Kwetu utakuwa usiku, hatutaona kitu, na andikeni hivyo waziwazi: "Haionekani Lamu." Lakini tukio hilo linatuhusu kwa njia nyingine. Jua halipatwi ila mwezi unapoandama, na mwandamo huo ndio wa Ramadhani. Mwezi utakutana na jua karibu saa 1 kasoro dakika 4 jioni kwa saa yetu, wakati jua la Amu limeshazama. Kwa hiyo jioni ya tarehe 6 hakuna jicho la hapa litakaloweza kuuona mwezi. Jioni ya Jumapili tarehe 7 utakuwa na umri wa karibu saa 24, mwembamba sana, chini upande wa magharibi, na hapo ndipo pa kukodoa macho.

Nawaombeni sana, msiandike kwenye kalenda kwamba Ramadhani inaanza tarehe fulani. Kutangaza mwezi ni kazi ya Kadhi na masheikh, na mji huu umeshaona mivutano ya kutosha juu ya jambo hilo. Nyinyi semeni umri wa mwezi na mahali utakapokuwa, mkomee hapo. Mkifanya hivyo mtakuwa msaada kwa wanaokwenda kuutafuta, wala hamtakuwa upande wa mtu yeyote.

Na Ramadhani hiyo, wanangu, ina anga ya kupendeza. Mshtarii itakuwa mkabala na jua karibu tarehe 10 Februari, na Mirihi tarehe 19. Maana yake sayari zote mbili zinachomoza mashariki jua likizama na kubaki angani usiku kucha, nazo zitakuwa jirani. Watu wakitoka tarawehe watazikuta zimeshapanda, Mshtarii nyeupe inayong'aa kuliko nyota zote za hapo, na Mirihi yenye wekundu. Wakiamka kula daku, Zuhura itakuwa imetoka mashariki. Ni kipindi cha kaskazi, mawingu ni machache. Mkitaka kuwafundisha watoto sayari, fundisheni mwezi huo.

Hapo hapo mjitayarishe kwa uongo. Mwaka 2003 Mirihi ilitukaribia kuliko ilivyokuwa kwa karibu miaka 60,000, kiasi cha kilomita milioni 56, na tangu hapo kila mwaka huzuka ujumbe kwamba itaonekana kubwa kama mwezi. Haijapata kuwa, wala haitakuwa. Februari 2027 itakuwa mbali zaidi, karibu kilomita milioni 101. Kwa macho ni nukta nyekundu nzuri, na kwa darubini ndogo ni kiduara kidogo tu. Andikeni hilo kabla ya ujumbe kufika.

Sasa nije kwenye mambo ambayo kalenda za wenzetu hazina, na sisi tumeyapuuza. Tarehe 15 Machi, karibu saa 6 na dakika 25 mchana, jua litakuwa juu ya utosi wa Amu. Mlingoti uliosimama wima hautakuwa na kivuli cha kuonekana. Tarehe 29 Septemba litarudi tena, karibu saa 6 na dakika 7. London hawalioni jambo hili kamwe, wala New York. Kila mwanafunzi wa hapa anaweza kulipima kwa fimbo na kamba yenye jiwe, bila shilingi moja. Malindi, kwa kuwa ni kusini zaidi yetu, wanatangulia siku mbili tatu mwezi Machi na kuchelewa kiasi hicho Septemba. Shule ya huku na ya kule zikipima vivuli siku moja na kupeana hesabu, watoto wataona kwa macho yao kwamba dunia ni mviringo.

La pili ni kibla. Tarehe 28 Mei saa 6 na dakika 18 mchana, na tena tarehe 16 Julai saa 6 na dakika 27, jua huwa juu ya Al-Kaaba. Saa ya Makka na saa yetu ni moja, hakuna cha kubadilisha. Dakika hiyo ukilielekea jua umeelekea kibla, na kivuli chako kinaanguka upande wa pili. Anayejenga msikiti au anayetaka kuhakikisha mswala wa nyumbani hahitaji simu. Mei mawingu ya masika yanaweza kuziba, ndiyo maana nataka tarehe zote mbili ziwemo.

La tatu ni maji. Mabaharia na wavuvi wataitazama kalenda yenu kwa ajili ya bamvua kuliko kwa nyota, na wana haki. Jua, dunia na mwezi vikiwa mstari mmoja, maji hujaa sana na kutoka sana. Karibu na siku za mlingano wa usiku na mchana, Machi na Septemba, bamvua huwa kubwa zaidi. Mwaka 2027 tazameni mwezi mpevu wa 22 Machi na mwandamo wa 30 Septemba, na siku moja au mbili zinazofuata. Wenye mashua wazifunge kwa kamba ya kutosha. Wanaopita mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, wajue maji yatakayowapitisha na yatakayowakwamisha. Kinamama wanaokwenda miambani wajue siku za kupata na saa ya kurudi, maana maji yaliyotoka mbali hurudi kwa nguvu.

Vimondo nisivitaje vyote. Kwetu vilivyo bora mwaka huo ni vya Eta Akwaridi, alfajiri za tarehe 5 hadi 7 Mei. Vinatokana na vumbi la nyota yenye mkia ya Halley, iliyoonekana mara ya mwisho 1986 na inayotarajiwa 2061. Watu wa kusini na wa ikweta huvipata vizuri kuliko watu wa Ulaya, na mwandamo ni tarehe 6 Mei yenyewe, kwa hiyo giza litakuwa kamili. Mtazame mashariki kuanzia saa 9 na nusu usiku hadi kupambazuke. Mvua ikikunja mambo, basi. Vya Jeminidi vya Desemba, ambavyo miaka mingine ndivyo vingi kuliko vyote, mwaka huo vinaangukia mwezi mpevu wa tarehe 13, na mwanga utavimeza. Msiwaahidi watu mvua ya nyota.

Kilimia, lile kundi la nyota, nacho kiwemo. Wazee walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mwezi Mei kinapotea kwenye mwanga wa machweo, katikati ya masika, na kinarudi kabla ya alfajiri mwezi Juni. Muwaulize wakulima wa Mpeketoni na Hindi, huko Lamu bara, wanakumbuka nini juu yake, muandike, kwa sababu wanaokumbuka wanapungua.

Na sasa tarehe 2 Agosti 2027, siku ya Jumatatu. Hii ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Siku hiyo jua litapatwa kabisa katika njia inayoanzia Atlantiki, ikapita kusini ya Uhispania, Morocco, Algeria, Tunisia, Libya, Misri, Saudi Arabia, Yemen na ncha ya kaskazini ya Somalia. Karibu na Luxor giza litadumu zaidi ya dakika 6, na Makka zaidi ya dakika 5. Amu jua litapatwa kipande tu, baada ya adhuhuri, na mchana utabaki mchana. Mwaka 2025 ulisambaa ujumbe kwamba tarehe 2 Agosti ya mwaka ule dunia nzima ingeingia giza kwa dakika sita. Ilikuwa ni tarehe hii ya 2027 imevurugwa na mtu, na watu wakubwa wenye akili zao walitishika. Ujumbe huo utarudi, tena safari hii ukiwa na nusu ya ukweli ndani yake, na nusu ya ukweli ni ngumu kuipinga. Kalenda yenu iwe imeshafika mlangoni mwa kila mtu na maneno haya: Lamu hapatakuwa na giza.

Kisha yapo macho. Kwa kuwa kwetu jua halitafunikwa lote, hakuna hata sekunde moja ya kulitazama bila kinga. Miwani ya kawaida ya jua haifai, filamu ya eksirei haifai, kioo kilichopakwa masizi hakifai. Miwani maalumu ya kutazamia jua yenye alama ya ISO 12312-2, au kioo cha mchomeleaji namba 14, hivyo vinafaa. Msielekeze darubini yenu juani bila kichujio chake cha mbele. Inaweza kumpofua mtoto papo hapo. Njia nzuri kwa wengi haina gharama: tobo dogo kwenye kadi, mwanga unaopita humo uangukie karatasi nyeupe. Au wakusanyeni watoto chini ya mkungu. Mwanga unaopenya kati ya majani utaanguka mchangani kwa maumbo ya hilali, mamia kwa mamia, na hakuna atakayeumia.

Wakumbusheni watu pia sala ya kusufu, ya jua likipatwa. Siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume, rehema na amani zimshukie, jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa kifo chake. Mtume akawakataza, akawaambia jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa mtu. Mwenye kuhesabu na mwenye kusali wanaweza kuwa mtu mmoja siku hiyo, na ningependa awe mmoja wenu. Kupatwa huko kwa Agosti kunafunga Mfungo Tano (Safar). Jioni ya tarehe 2 msihangaike kutafuta mwezi, utakuwa na saa chache tu. Jioni ya tarehe 3 ndiyo ya kuutafuta mwezi wa Mfungo Sita (Rabiul Awwal), na baada yake mji utaanza kuwapokea wageni wa Maulidi.

Kuna atakayewaambia kwamba elimu hii ni ya wageni. Mwambieni aende Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Kutoka kwenye jukwaa lililo baharini pale, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, ikapewa jina la Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru. Wataalamu wa nchi nyingi wanalijua jina hilo la Kiswahili, na vijana wetu wengi hawalijui.

Nimalizie kazi iliyobaki. Mwaka 2027 mwezi utapitia kivuli chepesi tu cha dunia, Februari, Julai na Agosti, na jicho halitatambua kwa urahisi, kwa hiyo yatoeni hayo kwenye rasimu. Hifadhini nafasi kwa kalenda ya 2028, ambayo ina mwezi kupatwa kipande, usiku wa 6 Julai, na kupatwa wote jioni ya 31 Desemba, tena saa ambazo watoto hawajalala. Rasimu mpya muilete kwangu au kwa mwalimu yeyote wa hesabu kabla ya kuipeleka kwa mchapaji, tuzipitie tarehe moja moja pamoja. Nipo nyumbani kila siku baada ya alasiri.

Wassalaam,
Mzee wenu, Amu