Petroli kwenye tangi la dizeli

Swahiba wangu,

Salaam nyingi. Ujumbe wako nimeupata, na kicheko chako nimekisikia humo humo kwenye maandishi. Haya, cheka ukimaliza nikwambie. Ni kweli. Mimi niliyekufundisha kupanda mlima na mzigo, nimelitia petroli lori la dizeli. Lita 60, juu ya dizeli iliyokuwemo kama lita 90.

Kijana wa pampu simlaumu. Nilikuwa nabishana na mtu kwenye simu, akaniuliza kitu, nikaitikia "ndiyo" bila kumsikia. Na mdomo wa pampu ya petroli ni mwembamba kuliko wa dizeli, kwa hiyo unaingia kwenye tangi letu bila kukwama. Ingekuwa kinyume chake, ungegoma mlangoni.

Liliwaka vizuri tu. Hapo ndipo nilipodanganyika, maana kwenye mabomba na filta bado kulikuwa na dizeli safi. Nilikwenda kama kilomita mbili, kisha likaanza kukohoa, nguvu zikapungua, injini ikagonga kama mtu anayepiga nyundo debeni. Nikatazama risiti. Mwili ukanisisimka. Nikazima palepale barabarani, na hilo ndilo jambo pekee la akili nililofanya siku ile.

Utingo akasema tuongeze dizeli, tuchanganye, twende. Nawe najua ungesema hivyo hivyo, kwa sababu lori letu lile la zamani lilivumilia mambo mengi. Lakini pampu ya lile, ile inayopeleka mafuta kwenye injini, ilikuwa ikilainishwa na oili ya injini. Hili la sasa, pampu yake ya presha inalainishwa na dizeli yenyewe, na inasukuma kwa presha inayopita bar 1,500. Petroli ni nyepesi, haina ule utelezi. Chuma kinasuguana na chuma, kinatoa vumbi linalong'aa, na vumbi hilo linakimbilia kwenye nozeli, vile vichwa vinavyonyunyiza mafuta ndani ya injini. Yakifika huko, unanunua pampu, unanunua nozeli zote, na mabomba unayaosha au unayabadilisha.

Likavutwa hadi gereji. Fundi alinikataza hata kufungua swichi, maana pampu ndogo ya kuvuta mafuta huanza kufanya kazi kabla hujapiga stata. Kisha akachomoa betri, akalisogeza lori nje penye upepo, akamfukuza mtu aliyekuwa na sigara. Nilidhani anajishaua. Akaniuliza kama najua kwamba mvuke wa petroli unashika moto hata kwenye baridi kali, tofauti na dizeli niliyoizoea. Nikanyamaza.

Nikamwomba amwage petroli tu, dizeli ibaki. Hapo nawe cheka tena. Maji ndiyo hukaa chini ya dizeli ukayatoa. Petroli huchanganyika, huwezi kuitenga tena. Tukamwaga yote, tangi likaoshwa, mabomba ya kwenda na ya kurudi yakapulizwa. La kurudi usilisahau kamwe, maana mafuta yasiyotumika hurejea tangini, kwa hiyo ile petroli ilikuwa imeshazunguka.

Kisha ikaja filta. Alimimina yaliyomo kwenye kopo jeupe, akaichana karatasi yake, akaitandaza juani na kuikagua kwa kurunzi na sumaku. Swahiba, dakika zile nilizihesabu. Angeona mng'ao mmoja tu, ningekuwa nakuandikia barua ya kukopa. Hakuona kitu.

Filta mpya, dizeli safi, tukapiga pampu ya mkono kutoa upepo mpaka mapovu yakaisha. Stata ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya nne likawaka kwa kutetemeka, likatoa moshi mweupe, baadaye likatulia. Fundi ameniambia nibadilishe filta tena mapema, na nisikilize kama asubuhi linachelewa kuwaka. Mpaka leo halichelewi.

Tajiri nilitaka kumwambia mafuta yalikuwa machafu. Maneno nilishayapanga. Risiti ikaniumbua kabla sijafungua mdomo, maana utingo alikuwa ameshampelekea.

Huyo utingo anakusalimia. Ameandika DIZELI kwa rangi nyekundu kwenye mfuniko wa tangi. Mfuniko ukifungwa, maandishi yanakuwa kichwa chini, lakini yanasomeka.

Wako,
mwalimu wako wa gia