Tangi la pikipiki lenye kutu lisichomelewe kwa haraka ya hesabu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wamiliki wa pikipiki, madereva wa bodaboda na mafundi wenzangu jambo linalonitia hofu kwa muda mrefu, nalo ni namna tunavyoziba matangi ya mafuta yaliyoliwa na kutu. Hapa Tanga, ambako upepo wa bahari una chumvi na pikipiki nyingi hulala nje, ni kawaida kumwona dereva akifika gereji asubuhi na tangi linalovuja, akataka lichomelewe papo hapo ili mchana awe amerudi kijiweni kutafuta hesabu, yaani fedha anayompelekea mwenye pikipiki kila siku. Wapo mafundi wanaokubali: humwaga petroli iliyobaki, hulitikisa tangi mara mbili tatu, kisha huwasha moto.

Tangi lililomwagwa mafuta ni la hatari kuliko lililojaa. Kinachoshika moto ni mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa, na mchanganyiko huo huwaka pale mvuke unapokuwa kati ya takriban asilimia 1.4 na 7.6. Katika tangi tupu la lita 12, petroli isiyojaa kijiko kimoja cha chai inatosha kuufikisha mvuke katika kiwango hicho. Isitoshe, mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hautoki kwa kuacha mfuniko wazi, na matabaka ya kutu yameficha petroli ambayo huanza kutoka upya chuma kinapopata joto. Kwa sababu hiyo hata tangi lililoanikwa juani kutwa nzima halifai kusogezewa moto. Baada ya msiba wa Msamvu, Morogoro, wa tarehe 10 Agosti 2019, ambapo watu zaidi ya 100 walipoteza maisha kwa moto wa lori la mafuta lililopinduka, tulihimizwa sana kukaa mbali na malori yaliyoanguka. Tahadhari hiyo hiyo haijafika kwa mafundi wanaowasha moto juu ya matangi madogo kando ya barabara.

Kuna jambo la pili ambalo wamiliki wengi hawaelezwi. Tundu linapoonekana nje, kutu imekwisha fanya kazi ndani kwa miaka. Maji huingia kwa mvua kupitia mfuniko ambao mpira wake umechakaa, au kwa umande unaojikusanya ndani ya tangi linalolazwa likiwa nusu, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini kabisa, penye mshono na karibu na koki ya kufungulia mafuta. Hapo ndipo chuma huliwa, na chuma chenyewe ni chembamba, takriban milimita moja tu. Ukiweka kiraka juu ya tundu moja bila kuiondoa kutu, pembeni yake patatoboka tena, na unga wa kutu utaendelea kuziba chujio la koki na jeti za kabureta, yaani vitundu vyembamba vinavyopitisha petroli, hata mwenye pikipiki adhani injini ndiyo mbovu.

Ukarabati unaostahili kuitwa ukarabati huanza kwa kulifungua tangi, kuondoa koki, na kuliosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga mara kadhaa, mbali na jiko, sigara na cheche, hadi harufu ya petroli iishe. Kisha hutiwa kokoto ndogo au cheni kuukuu ndani, likatikiswa kwa nguvu ili kutu iliyolegea ibanduke. Baada ya hapo tundu la koki huzibwa, na tangi hujazwa siki nyeupe hadi mdomoni, likaachwa usiku kucha au zaidi kulingana na unene wa kutu. Siki ikimwagwa, tangi lisuuzwe kwa maji yenye magadi ili kuua ukali wake, lisuuzwe tena kwa maji safi, na likaushwe haraka iwezekanavyo, kwa maana chuma kilichotoka kusafishwa hushika kutu mpya ndani ya muda mfupi sana. Wapo wanaotumia tindikali ya betri ili kumaliza kazi kwa saa moja. Siwashauri kabisa, kwa kuwa tindikali hiyo hula chuma kizima pamoja na kutu, na huunguza macho na mikono.

Ni baada ya kusafisha ndipo hali halisi ya tangi hujulikana, maana mara nyingi kutu yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiziba matundu mengine. Lijazwe maji na kukaguliwa taratibu. Matundu madogo kama ya sindano huzibwa vizuri kwa lehemu ya bati, kwa chuma cha kulehemu kilichopashwa moto mbali na tangi, au kwa gundi ya chuma isiyoyeyushwa na petroli iliyopakwa juu ya chuma kilichopigwa msasa. Ikibidi kuchomelea, tangi lilazwe tundu likiwa juu na lijazwe maji hadi ibaki nafasi ndogo tu ya hewa chini ya tundu. Na kama chuma cha chini kinabonyea ukikibana kwa kidole gumba, fedha ya kiraka ni bora iwekwe katika kununua tangi jingine. Sabuni ya kipande inayosuguliwa kwenye tundu husaidia kufika nyumbani, kwa kuwa petroli haiiyeyushi, lakini mvua moja tu huiondoa, na petroli ikaanza kudondokea injini yenye moto.

Sitaki kuwatupia lawama mafundi na madereva peke yao. Dereva aliye kwenye mkataba anadaiwa hesabu ya kila siku, iwe pikipiki imetembea au imelala gereji, na kazi niliyoieleza inahitaji siku mbili, pengine tatu. Mtu aliyebanwa hivyo atamtafuta fundi atakayemaliza kwa saa moja, na fundi mwenye njaa hatamkataa. Nawaomba wamiliki wasimdai dereva hesabu kwa siku ambazo tangi linatengenezwa, kwani tangi ni mali yao na maisha yanayowekwa rehani ni ya watu wengine. Vyuo vya VETA, vinavyofundisha uchomeleaji na ufundi wa magari, navyo vingefanya jambo kubwa kama vingewaita mafundi wa mitaani wasio na vyeti na kuwaonyesha kwa vitendo namna ya kulisafisha tangi kabla ya kulitia moto.

Kwa mafundi wenzangu nina ombi moja ambalo halihitaji fedha wala ruhusa ya mtu. Dereva akija na tangi akakuambia kwamba limekwisha kauka, usikubali maneno yake wala pua yako. Lioshe upya wewe mwenyewe, ulijaze maji mbele yake, na kama hana muda wa kusubiri, mrudishie tangi lake.

Wako,
Fundi wa pikipiki,
Tanga