Kwa fundi aliyenizuia mkono

Mzee wangu, jina lako sikuuliza, na uliondoka kabla sijapata akili ya kushukuru. Mimi ni yule wa kibao cha kukatia mboga, wa mabaki ya mbao nyeusi na nyeupe.

Vipande nilikuwa nimeshaviunga kwa gundi, nikavikata tena kwa kukingamisha, nikageuza kimoja baada ya kimoja hadi vikawa kama ubao wa drafti. Siku nne hizo! Nami nikataka kukipitisha kwenye mashine ya randa. Ukaniwekea mkono begani: "Hapo nyuzi za mbao zimesimama wima, mwanangu. Visu vitang'oa ukingo, au mashine ikurushie kibao." Ukanipa msasa namba 60, ule wa kukwaruza. Nilinung'unika, nakiri. Nilisugua mpaka vidole vikafa ganzi, kisha namba 120, kisha 220 iliyo laini zaidi.

Na ile fremu niliyotaka kukizungushia, ukaikataa: mbao hutanuka kwa upana, si kwa urefu wa nyuzi, hivyo ingekipasua. Nimeiacha.

Jana nimekipaka mafuta. Weusi ukaiva papo hapo, na pete za mti zikajitokeza hata kwenye kile kipande kidogo cha pembeni. Asante sana, mzee. Shikamoo, popote ulipo.