Kikokotoo cha risasi kwenye simu: anza na hewa ya Mwanza

Julai inapokaribia na msimu wa uwindaji ukiwa mlangoni, dukani kwetu hapa Mwanza huanza kuingia watu wa aina mbili. Wapo wawindaji wenye vibali wanaojiandaa kuelekea upande wa Maswa, na wapo walenga shabaha wanaotaka kugonga bati la chuma kwa mita 500, 600, hata 800. Wote huja na simu mkononi na swali moja: niweke programu ipi? Silaha na risasi hatuuzi. Hizo zina sheria yake ya mwaka 2015 na wenye mamlaka nazo. Sisi ni watu wa simu, darubini na vipimahewa. Simu za wateja tulizoziandalia kikokotoo cha risasi ni nyingi sasa, na tumejifunza kwamba kabla ya kutaja jina la programu yoyote lazima tuzungumze kwanza habari ya hewa.

Risasi ikishatoka mtutuni, mambo mawili huanza kuifanyia kazi papo hapo. Dunia inaivuta chini, na hewa inaipunguzia kasi. Mvuto wa dunia haubadiliki kiasi cha kukusumbua. Hewa hubadilika. Ikiwa nzito, risasi huchelewa kufika, na ikichelewa huanguka zaidi. Kikokotoo kinachukua kasi ya risasi, umbo lake, umbali na hali ya hewa, kisha kinakwambia uinue darubini kwa kliki ngapi, yaani hatua ndogo ndogo za kitasa cha kuirekebishia. Kikidanganywa kuhusu hewa, jibu lake litakuwa safi kwenye kioo cha simu na la uongo kwenye shabaha.

Hilo lilinipata mwenyewe. Mara ya kwanza kujaribu kikokotoo kwa mita 600, nilifungua programu ya hali ya hewa, nikaona mgandamizo wa hewa wa Mwanza umeandikwa hektopaskali 1015, nikauandika kama ulivyo. Penye mwinuko niliacha sifuri. Bati lilikuwa na upana wa sentimita 30. Risasi tano zote zilipita juu yake, zikarusha vumbi mahali pamoja kwenye tuta la nyuma. Nililaumu darubini, nikalaumu baruti, nikarudi nyumbani na mashaka ambayo hayakuwa na sababu. Kosa lilikuwa kwenye ile namba 1015.

Namba hiyo si hewa unayoipumua. Watabiri wa hali ya hewa huurekebisha mgandamizo wa kila mahali uwe kana kwamba mahali hapo pako usawa wa bahari, ili Mwanza na Dar es Salaam ziweze kulinganishwa kwenye ramani moja. Kwao ni utaratibu mzuri. Kwa mlenga shabaha ni mtego. Maji ya Ziwa Victoria yenyewe yako takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hata ukisimama pale ufukweni mkabala na mwamba wa Bismarck, mgandamizo halisi ni kama hektopaskali 885 hadi 890. Ongeza joto la mchana la nyuzi 28, na hewa yetu inakuwa nyepesi kwa asilimia 16 hivi kuliko ile hewa ya kawaida ya vitabuni, yaani ya usawa wa bahari na nyuzi 15. Kwa risasi ya .308 (kipenyo chake kwa inchi) yenye uzito wa greini 175, tofauti hiyo ni sentimita kama 20 kwa mita 600. Kwa mita 800 inazidi nusu mita.

Ndiyo maana programu nzuri hukuuliza kwa uwazi: mgandamizo huu ni halisi wa hapo ulipo, au umerekebishwa kwa usawa wa bahari? Ukiona programu inatoa nafasi moja tu ya mgandamizo bila kueleza inataka upi, iache. Ukiwa na mgandamizo halisi, uandike huo na uiambie programu kwamba ni halisi, basi. Mwinuko hauhitajiki tena. Ukiwa na ule uliorekebishwa, andika na mwinuko. Kuna wateja wanaofanya kosa la upande wa pili: wanaandika 887 iliyo halisi mahali panapotaka iliyorekebishwa, halafu wanaongeza na mwinuko wa mita 1,140. Programu inapunguza hewa mara mbili, inadhani uko mlimani kupita mita 2,000, na risasi zinachimba chini ya bati.

Ukihama, pima upya. Katika mwinuko wetu huu, kila mita 100 unazopanda hupunguza hektopaskali kama 10. Anayetoka ziwani kwenda nyanda za juu mashariki asitumie namba za Kirumba, hapa Mwanza.

Sasa simu. Simu nyingi za bei nafuu tunazouza hapa mjini hazina kipimamgandamizo ndani yake. Zenye nacho ni kama iPhone nyingi kuanzia ile ya 6 ya mwaka 2014, na Samsung nyingi za daraja la juu. Kama yako haina, usikimbilie kununua simu mpya. Kwa fedha hiyo ni bora kipimahewa cha mkononi, maana kinapima mgandamizo, joto na upepo pamoja. Kampuni ya Kestrel wana kile cha 5700 Elite chenye kikokotoo cha kampuni ya Applied Ballistics ndani yake, kinachofanya kazi hata simu ikizimika chaji. Ni ghali, na kwa anayelenga mara mbili kwa mwaka siwezi kumshauri.

Jambo ambalo sitalegeza ni hili: programu ifanye kazi bila mtandao. Porini hakuna bando litakalokusaidia. Kabla hatujakukabidhi simu, tunazima data mbele yako, tunafungua programu, tunaitaka itoe jibu. Ikigoma, tunaiondoa.

Kuhusu umbo la risasi, utakutana na namba ya balistiki, inayoonyesha risasi inavyoikata hewa, yenye alama ya G1 au G7. G1 inafuata risasi fupi yenye kitako bapa. G7 inafuata risasi ndefu yenye kitako kilichochongoka, ambazo ndizo nyingi za masafa marefu. Usichukue namba ya G1 ukaiweka kwenye nafasi ya G7. Programu itaikubali bila kulalamika, kisha itakupoteza vibaya. Kampuni ya risasi ya Hornady wao wana programu ya 4DOF inayotumia vipimo vya rada vya kila risasi badala ya namba moja, na ni ya bure. Kama risasi yako imo kwenye orodha yao, anza na hiyo.

Kasi iliyoandikwa kwenye boksi ilipimwa kwa mtutu wa kiwandani, si wa kwako. Mtutu mfupi huipunguza. Pima kwa kipimakasi, na upime siku yenye joto kama la siku utakayolenga, kwa sababu baruti nyingi hubadilika kasi kwa joto. Kingine, angalia darubini yako inahesabu kwa mili au kwa MOA, ambavyo ni vipimo viwili tofauti vya pembe. Kliki moja ya sehemu ya kumi ya mili ni sentimita 1 kwa mita 100. Kliki ya robo MOA ni milimita 7 na kitu. Programu na darubini zizungumze lugha moja.

Upepo simu haiujui. Huku kwetu asubuhi mapema upepo hutoka nchi kavu kuelekea ziwani, na jua likishakolea hugeuka, unatoka ziwani. Mtu aliyepiga vizuri saa moja asubuhi akirudi saa saba mchana na namba zile zile za upepo atashangaa risasi zimehamia upande wa pili. Tazama majani, tazama vumbi, andika upya.

Wateja huniuliza pia kuhusu mzunguko wa dunia, kwa kuwa programu kubwa zinataka latitudo. Mwanza iko kama nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, hivyo mzunguko wa dunia karibu hauisogezi risasi kulia wala kushoto. Lakini ukilenga mashariki risasi hupanda kidogo, na ukilenga magharibi hushuka kidogo, na hilo huwa kubwa zaidi karibu na ikweta kuliko mahali pengine duniani. Kwa mita 800 ni sentimita chache. Weka latitudo ya kusini mara moja, uisahau.

Kwa wawindaji nina neno moja, na nalisema hata likininyima mauzo. Bati likikoswa linakungoja hapo hapo. Mnyama hupiga hatua wakati risasi iko hewani, na kwa mita 800 iko hewani zaidi ya sekunde nzima. Mnyama aliyejeruhiwa akapotelea vichakani anateseka, na wanaomfuatilia kwa miguu wanahatarisha maisha yao. Kikokotoo kitumie kujua risasi yako inashuka kiasi gani, kisha sogea karibu.

Ukija dukani, njoo na simu yenye chaji, boksi la risasi lililo tupu ili tusome aina na uzito, umbali uliosawazishia darubini (ule ambao risasi hugonga pale pale unapolenga), na kimo cha katikati ya darubini kutoka katikati ya mtutu, kilichopimwa kwa rula. Bunduki iache nyumbani kwenye kabati lake. Kuandaa programu huchukua kama nusu saa, na mgandamizo wa siku hiyo tutaupima pamoja nje ya mlango.