Tanga hadi Pemba kwa ndege: dakika 17 au 30?

Mhariri,

Naomba nafasi niseme juu ya umbali na muda wa ndege kati ya Tanga na Pemba. Takwimu zinazozunguka mitandaoni zinawapotosha wasafiri, na inauma kwa sababu hesabu yenyewe si ngumu.

Kosa kubwa kuliko yote ni la jina. Pemba ziko mbili: kisiwa chetu, na mji wa Pemba ulioko Cabo Delgado, Msumbiji. Programu ya kupima umbali ikichukua ile ya Msumbiji, itakupa karibu kilomita 900. Dawa ni kutumia alama za viwanja: Tanga ni TGT, Pemba yetu ni PMA, ya Msumbiji ni POL. Ukiona POL kwenye tiketi, usilipe.

Kutoka TGT hadi PMA, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 84 hivi, yaani maili 45 za baharini. Cessna Caravan, ndege ndogo ya pangaboi yenye injini moja, ikishatulia angani huenda kama maili 160 za baharini kwa saa. Gawanya, utapata dakika 17. Wengi hukomea hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Kupanda hadi futi 5,000, kwa mfano, huchukua dakika tano au sita, na muda huo wote kasi ni maili mia na kidogo tu. Ikikaribia Chake Chake, kiliko kiwanja cha Pemba, hupunguza mwendo, na huenda ikazunguka kiwanja ili itue ikiukabili upepo. Bado hujahesabu ndege kutembea ardhini kutoka maegeshoni hadi njia ya kurukia na ukaguzi wa injini kabla ya kuruka. Ratiba huanza kuhesabu ndege inapotoka maegeshoni na kuacha inaposimama upande wa pili. Kwa abiria, basi, shika dakika 25 hadi 30.

Upepo husingiziwa mno. Njia hii inaelekea mashariki, kwa hiyo Kusi, upepo wa kutoka kusini, huipiga ndege ubavuni zaidi kuliko usoni. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, huirudisha nyuma kidogo inapokwenda Pemba na kuisukuma inaporudi. Hata upepo wa maili 20 kwa saa ukija usoni kabisa, hauongezi zaidi ya dakika tatu.

Kinachokula muda ni vituo. Kiwanja cha Pemba kiko karibu na cha Tanga kuliko kilivyo karibu na cha Unguja, jambo ambalo hata wenyeji wengi hulishangaa. Ndege ikipitia Unguja, ni kilomita 127 hivi za kwanza, kisha 125 nyingine hadi Pemba: mara tatu ya njia ya moja kwa moja, bila kuhesabu muda wa kushusha na kupakia. Halafu tiketi zote mbili zimeandikwa Tanga–Pemba! Muulize wakala kabla hujatoa hela: inakwenda moja kwa moja, au inapitia Unguja? Kama unabadilisha ndege huko, usiache nafasi ya nusu saa tu. Ile ya kwanza ikichelewa kidogo, ya pili imekuacha.

Ombi langu kwa gazeti ni dogo. Mnapochapa muda wa safari za ndege ndogo, andikeni ni muda wa angani au wa ratiba, tajeni vituo, na wekeni alama za viwanja pembeni ya majina.

Msomaji wenu,
Tanga