Jumamosi tunaingia ulingoni

Wapendwa, habari za jioni. Jumamosi tukutane uwanjani saa mbili kamili asubuhi kwa pambano letu la buhurt, yaani mchezo wa timu kupigana kwa silaha butu zikiwa zimevaa deraya kama za mashujaa wa Ulaya ya kale. Deraya zinakaguliwa kabla ya lolote, na asiyepita ukaguzi hachezi.

Leo usiku angalieni mikanda ya ngozi, hasa ule wa kidevuni. Juzi mazoezini wangu wa goti ulikatika katikati ya pambano, bamba likazunguka nyuma, nikashindwa hata kukunja mguu. Njooni na mikanda ya akiba.

Kwa mnaoanza: ni watano kwa watano, na ukigusa chini kwa chochote zaidi ya nyayo, hata goti tu, umetoka. Ukianguka, tulia hapo hapo. Silaha ni butu, lakini kuchoma kwa ncha ni marufuku, vilevile kupiga kinena na nyuma ya goti. Deraya ina kilo 30 hivi. Pumzi itakata mapema kuliko mnavyodhani, kwa hiyo anzeni kunywa maji kesho. Msitengane! Anayebaki peke yake huzungukwa na wawili akaangushwa.

Jamani, najivunia nyinyi sana. Wanaotoka Manchester kwa treni, nani awabebee ngao kwenye gari?